Alama Sitini Nilizomkata Baba Mdogo

Kosa langu la mwanzo nililifanya kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa darasa la nne, na nilimkata baba yangu mdogo alama sitini kwa sababu alinyamaza mara kumi na mbili ndani ya wimbo mmoja. Kila ukimya, alama tano. Nikapiga mstari, nikaandika arobaini juu ya mia, nikaizungushia duara kama alivyokuwa akifanya mwalimu wetu, kisha nikampelekea daftari mahali alipokuwa amekaa akiosha miguu baada ya kutoka shamba. Nimekosea mambo mengi tangu siku ile, na mengi nayakumbuka, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhesabu makosa. Hilo ndilo ninaloishi nalo.

Gitaa lake lilinifikia mwaka huu, wiki mbili baada ya kumzika. Mama alilileta chumbani kwangu, hapa Kibondo mjini ninaporekodi kwaya na matangazo ya harusi, likiwa limefungwa ndani ya mfuko wa mbolea. Nilipofungua kamba, harufu ilitoka kabla ya gitaa. Mawese. Hakuwahi kuwa na mafuta mengine ya kupaka shingo ya gitaa lake, kwa hiyo alipaka mawese yale yale ya kupikia maharage, kwa kitambaa, kila Jumapili baada ya ibada, hadi mbao ikawa nyekundu kama udongo wa kwetu. Nililishika magotini bila kulipiga. Sikutaka vidole vyangu viweke harufu nyingine juu yake.

Ninyi mliokua wakati wangu kwenye vilima hivi, kati ya Kakonko na Kasulu, mnawakumbuka Milima Mitatu hata kama mmesahau nyuso zao. Walikuwa watatu. Zabloni, baba yangu mdogo, alipiga gitaa na kuimba sauti ya chini. Anzelina aliongoza kwa sauti iliyokuwa ikikufikia hata ukiwa upande wa pili wa bonde. Ezira alipiga ngoma, na hakuimba kabisa. Alisema akifungua mdomo mikono inasahau kazi. Hakuna harusi ya maana iliyofanyika bila wao. Umaarufu wao haukuvuka mto Malagarasi, lakini mimi sikujua kwamba ng'ambo ya mto kulikuwa na watu wanaohesabika.

Wimbo wao niliopenda kuliko yote ulikuwa "Nisubiri Mteremkoni." Mwanamume anasukuma baiskeli yenye mzigo wa muhogo, mkewe ametangulia kwa miguu. Kila anapofika kwenye mteremko anaogopa kwamba breki hazitashika, anamwita mkewe amsubiri, na mkewe anamjibu kutoka mbele. Zabloni aliita, Anzelina akaitikia. Mara kumi na mbili katika beti nne. Na kila alipoitikia, sauti yake ilikuwa mbali kidogo kuliko mara ya kwanza, mpaka ule mwitikio wa mwisho ambao ulikuwa kama mtu anayekuitia kutoka nyuma ya kilima. Sijui alifanyaje. Leo nina kompyuta yenye vifaa vya kusogeza sauti mbali na karibu, nilivyojifunza mwenyewe kwa kutazama video usiku na mchana, na bado siwezi kupata umbali ule.

Halafu wakaachana. Mume wa Anzelina alipata kazi Kasulu, na Anzelina mwenyewe alitaka kurekodi na kinanda, kwa sababu redio zilikuwa zinataka kinanda. Zabloni hakuweza kuhama. Bibi yangu, mama yake, alikuwa ameanza kupoteza nguvu za miguu. Ezira alikuwa ameitwa Makere kufundisha kwaya. Hayo nayajua sasa. Wakati ule hakuna aliyenieleza, na mtoto asipoelezwa hutunga.

Walikuja wote watatu nyumbani kwa bibi mchana mmoja wa mawingu ili kugawana nyimbo. Sisemi kwa mfano. Waligawana kweli, kama ndugu wanavyogawana shamba, na bibi alikaa kwenye kiti chake kama shahidi wa mipaka. Mimi nilikuwa sakafuni nachambua maharage kwenye ungo. Nyimbo zilikuwa kumi na moja. Kila mmoja alitaja anaoutaka na sababu yake.

"'Maharage ya Jirani' ni wangu," alisema Anzelina. "Mimi ndiye niliyegombana na jirani mwenyewe."

"Uchukue na jirani," alisema Zabloni.

"Yule nimewaachia ninyi wa Kibondo."

Ezira aliulizwa anataka upi. "Ngoma yangu haina maneno," alisema. "Nipeni ngoma, maneno mbaki nayo."

Bibi akamwambia, "We Ezira, hata kwenye urithi wa baba yako ulichukua jembe ukaacha ng'ombe."

"Na jembe lipo mpaka leo, mama. Ng'ombe wako wapi?"

Walicheka wote. Nilikuwa bado nacheka nao wakati bibi aliponusa hewa na kuniambia mvua inakuja, nikimbie nikaanue muhogo. Ulikuwa umeanikwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na matone yalianza kabla sijaumaliza. Niliporudi nimelowa, nikibeba ungo wa mwisho, chumba kilikuwa kimya. Anzelina alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kitenge. Zabloni alikuwa anatazama ukuta. Ezira alikuwa ameweka kiganja juu ya ngoma, kama anavyofanya mtu kuzuia mlio. Mvua ilipiga bati.

Nikahitimisha kwamba wamegombana nikiwa nje. Nikahitimisha pia kwamba ugomvi ulikuwa juu ya nani mwimbaji bora, kwa kuwa sikuona jambo lingine la kufanya watu wazima walie.

Miaka miwili iliyofuata, mji wetu ulikuwa na mabishano yale yale. Yalifanyika kwenye kibanda cha mzee Shabani, mfanyabiashara kutoka Ujiji aliyekuwa akiweka nyimbo kwenye kadi za memori. Mnakumbuka simu za Mchina, zile zenye spika nne nyuma zilizotetemesha meza. Ulimpa Shabani kadi, ukamtajia nyimbo, ukakaa kwenye benchi kungojea, na ukiwa umekaa ulibishana.

"Anzelina sasa ni wa watu," alisema dereva mmoja wa bodaboda. "Sikiliza kinanda hicho. Zabloni amebaki kuwaimbia maharage."

"Maharage hayo ndiyo uliyokula asubuhi," alijibu mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. "Anzelina anaimba kama anakimbizwa. Nikimsikiliza nachoka mimi."

"Na Ezira je?"

"Ezira ana kwaya. Kwaya si yake, ni ya Mungu."

Shabani alikuwa akichomeka kadi bila kuinua macho. "Mimi sina upande, natoka Ujiji," alisema. "Ila mashine hii ingekuwa na mdomo ingewaambia wengi wanamtaka nani. Bwana mdogo, wewe ni wa nyumbani kwa Zabloni. Unasemaje?"

Benchi zima lilinigeukia. Nilikuwa na miaka kumi, na hakuna kitu nilichokiogopa kama kutoa jibu lisilo sahihi. Nilisema sijamaliza kufanya utafiti. Walicheka hadi dereva wa bodaboda akapiga paja lake. Lakini mimi sikuwa natania. Nilirudi nyumbani, nikachukua daftari la mistari, nikaianza kazi hiyo rasmi.

Nilitaka Milima Mitatu warudi. Hilo ndilo lililokuwa chini ya kila alama niliyoandika, na naomba msomaji alikumbuke, maana bila hilo nitaonekana mtoto wa ajabu tu mwenye kalamu. Bila wao Jumapili zilikuwa ndefu. Baba mdogo alipaka gitaa mawese, akaliegemeza ukutani, akalitazama kama unavyotazama mlango. Nyumba ilikuwa imepungukiwa na kitu na kila mtu alipita pembeni yake. Mwalimu wetu alikuwa na utaratibu mmoja darasani: baada ya kila mtihani, aliyeshindwa alihamishiwa dawati la aliyefaulu, wakae pamoja mpaka mtihani mwingine, ili mmoja amsaidie mwenzake. Niliona utaratibu huo ni wa haki kabisa. Sikuona sababu ya watu wazima kuwa na mwingine. Kama ningeweza kuthibitisha kwa hesabu zisizo na shaka kwamba mmoja wao amefeli, basi angelazimika kukalishwa na mwenzake tena.

Kwa hiyo nikawalinganisha. Nilisikiliza nyimbo za Anzelina kwenye simu ya mama, sikio moja likiwa juu ya spika. Zilikuwa za haraka na safi. Hapakuwa na tundu hata moja ndani yake. Kinanda kilijaza kila pembe kama saruji. Alikohoa mara moja, kwa mbali, kabla ya ubeti wa mwisho wa "Maharage ya Jirani," nikamkata alama nne. Tisini na sita. Kwaya ya Ezira nilisikiliza ilipokuja kwenye mkutano wa kanisa, na niliiandikia "ngoma inasita sita," kwa sababu kila baada ya mapigo kadhaa alikuwa akipunguza mkono, kama mtu anayempisha mwingine njiani.

Kisha nikamwomba baba mdogo aniimbie "Nisubiri Mteremkoni," nimrekodi.

"Wa nini, mwalimu?" Alikuwa ameanza kuniita mwalimu tangu aliponiona na lile daftari. Wakati mwingine alinisalimu kwa shikamoo, mbele ya watu, na uso wake hautikisiki.

"Mtihani, baba mdogo."

"Nina muda wa kusoma kwanza?"

"Hapana. Ni wa ghafla."

Aliimba barazani, mchana, kuku wakipita. Aliita, "Nisubiri mteremkoni," kisha akanyamaza. Gitaa pia lilinyamaza. Ukimya ulikuwa wa urefu wa pumzi moja na nusu hivi, akiwa ameinua kidevu kidogo kuelekea barabara ya Kasulu. Halafu akaendelea na mstari uliofuata kana kwamba amejibiwa. Alifanya hivyo mara kumi na mbili. Mimi nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili, na kila aliponyamaza moyo wangu ulishuka, kwa sababu nilimpenda na alikuwa anasahau mbele yangu.

Nilisahihisha siku ile ile. Alipokea daftari kwa vidole vilivyolowa, akalishika mbali ili maji yasidondokee kazi yangu. Alisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu.

"Na hivi vikasoro kumi na viwili, mwalimu? Hivi vyekundu."

"Ulinyamaza, baba mdogo. Ulisahau maneno."

"Nilisahau."

"Mara kumi na mbili."

Alitazama ukurasa. Nilikuwa nangojea aseme, basi nitakwenda kumwomba Anzelina anisaidie. Nilikuwa nimeshaliandaa jibu langu. Lakini alisema, "Mtoto anasikia shimo, basi ni shimo," kwa sauti ndogo, si kwangu hasa. Kisha akanirudishia daftari. "Naomba nirudie mtihani, mwalimu. Nipe wiki mbili."

Baada ya wiki mbili akaimba tena, na mahali pote kumi na pawili alipokuwa akinyamaza aliitikia mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya puani, akiigiza mwanamke. Mama alitoka jikoni kusikiliza, akasimama na mwiko mkononi, kisha akarudi ndani. Mimi nilimpa tisini na nane. Niliandika "Vizuri sana." Halafu nikafuta ile rekodi ya kwanza. Kadi ilikuwa na nafasi ya kutosha, naikumbuka nafasi ile. Niliifuta kwa sababu sikutaka ibaki nakala yenye makosa.

Ile ya pili nilimpelekea Shabani, naye akawagawia watu. Ilipendwa. Madereva waliipiga barabarani, na ilifika Kasulu kabla sijapata muda wa kuona fahari. Mwezi uliofuata kulikuwa na harusi Kakonko, na tulikuwa tumesikia kwamba Zabloni na Anzelina wote wamealikwa. Nilivaa shati la shule kwa sababu ndilo lililokuwa safi kuliko yote. Nilikaa mahali nitakapoona barabara. Magari yalifika moja baada ya jingine, na kutoka kila gari walishuka watu ambao hawakuwa Anzelina. Baba mdogo aliimba peke yake, pamoja na sauti ile nyembamba, na watu walishangilia. Tulipokuwa tunarudi hakuniita mwalimu.

Baada ya hapo aliimba kidogo kidogo, kama moto usioongezwa kuni. Hakukasirika na hakuniambia kitu. Alilima, akamtunza bibi hadi mwisho wake, akanilipia ada ya sekondari kwa maharage yake, akanunua, pamoja na mama, kompyuta yangu ya kwanza, ya mtumba. Gitaa alilipaka mawese kila Jumapili hadi Jumapili ya mwisho. Lakini wimbo ule sikuusikia tena kutoka kwake, na mimi sikuuomba, kwa kuwa nilikuwa nimeshaupata ukiwa sahihi.

Nilipokuwa nimekaa na gitaa lile magotini mwaka huu, ndipo wazo lilinijia ambalo limeninyima utulivu. Mtu aliyesahau maneno hunyamaza ovyo. Anababaika. Baba mdogo alinyamaza mara kumi na mbili kwa urefu ule ule, na kila mara aliinua kidevu. Nimerekodi mamia ya waimbaji sasa. Hakuna anayesahau kwa kipimo.

Nililifunga tena ndani ya mfuko wake, na baada ya miezi michache nikaenda Kasulu.

Anzelina ana cherehani mbili barazani na bado anaitwa kwenye harusi. Nywele zake zimeingia mvi, na sauti imeshuka. Aliponiona na ule mfuko alijua kilichomo kutokana na umbo lake. Alinipokea kwa salamu ya kwetu, ile ya kupiga makofi taratibu, "mwakeye, mwakeye," akauliza habari za mama, za shamba, za mazishi ambayo alifika akakaa nyuma. Kisha akanusa.

"Bado mawese," alisema.

"Bado, mama."

Nilimuuliza moja kwa moja, kwa sababu nilikuwa nimefanya mazoezi ya swali hilo njia nzima. Nilimuuliza siku ile ya kugawana nyimbo waligombana kuhusu nini.

"Kugombana?" Aliweka mkasi chini. "Nani aligombana? Wewe ulitoka kuanua muhogo. Ulirudi umelowa, nakumbuka. Ulipotoka, Zabloni akasema: nyimbo tumegawana, lakini mahali pako ndani ya nyimbo zangu sitampa mtu. Patabaki wazi. Siku yoyote ukija, hata baada ya miaka, unaingia tu, hatuhitaji mazoezi. Nikasema na mimi hivyo hivyo. Ezira hakusema kitu, lakini nenda Makere ukasikilize anavyopiga hadi leo. Anapunguza mkono pale ambapo gitaa lingeingia. Ndiyo maana nililia. Mtu halii kwa kugombana tu."

Nilimwambia kwamba nyimbo zake yeye hazikuwa na mahali wazi.

"Kijana wa kinanda alikuwa Mkongo, mtoto mzuri sana. Aliniambia, 'Mama, hapa kitu inakosa, acha nitie kidogo.' Nikamwambia asitie. Wimbo ulipotoka kwenye kompyuta, ametia. Alidhani ananisaidia. Nilimpigia simu Zabloni siku ile ile nikamweleza, nikiona aibu. Alicheka. Akasema, 'Kinanda si mtu, Anzelina. Bado umeniachia.'" Alinyoosha kipande cha kitambaa kilichokuwa kimenyooka tayari. "Kwa hiyo yeye aliendelea kuacha. Miaka miwili. Kila aliyetoka Kibondo nilimuuliza, Zabloni bado ananyamaza? Wananiambia, ananyamaza. Nikawa nimeshashona nguo ya harusi ya Kakonko. Halafu ukaja ule wimbo wenye sauti nyembamba. Kwanza nilidhani amepata mwanamke wa kuimba naye, nikasema vema. Niliposikiliza tena nikamjua. Ni yeye mwenyewe, ananiiga. Nikasema amechoka kungoja."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza, naye hakuniuliza kwa nini sikuja. Tulikuwa watu wa heshima."

Nilitoa daftari. Nilikuwa nimelibeba, ndiyo, nimelitunza miaka yote hiyo, kwa kuwa siwezi kutupa kazi iliyosahihishwa. Nilimfungulia ukurasa, nikamweleza yote: dawati la waliofeli, mtihani wa ghafla, kalamu, rekodi niliyoifuta. Alivaa miwani. Alisoma kwa muda mrefu kuliko maandishi yalivyohitaji.

"Ulimkata ngapi?"

"Sitini, mama."

"Na mimi ulinipa tisini na sita." Alifuatisha kwa kidole. "Hizo nne nilizikosa wapi?"

"Ulikohoa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Alicheka akashika cherehani, na nilijua kicheko kile kinakokwenda, nikatazama chini hadi kilipofika. Alipomaliza kujifuta alisema, "Ungeuliza, mwanangu."

"Najua."

"Mtoto mwenye kalamu nyekundu hana muda wa kuuliza." Hakusema kwa ukali, wala hakunipunguzia. "Lakini na yeye angeweza kukuambia, badala yake akakubali kurudia mtihani. Na mimi ningeweza kupanda gari la Kakonko. Tugawane basi, kama tulivyogawana nyimbo. Wewe chukua fungu lako. La Zabloni ameondoka nalo. Hili langu ninalo hapa."

Nilikuwa nimekuja nikitaka mtu aniambie kosa halikuwa langu, au aniambie lilikuwa langu lote. Nililala vibaya kwa miezi nikijiandaa kwa mojawapo. Fungu sikuwa nimejiandaa kulipokea.

Kabla ya kuondoka nilimwomba aimbe "Nisubiri Mteremkoni." Alikataa. Alisema si wake, mgawanyo ni mgawanyo, bibi yako alikuwa shahidi. Nikamwomba basi aimbe mahali pake tu, ile miitikio kumi na miwili, ambayo kwa makubaliano yao ni yake. Alilifikiria hilo, akatazama lile gitaa lililokuwa bado kwenye mfuko, akasema mahali pake ni pake.

Niliweka simu mezani katikati ya vipande vya vitambaa. Mtaani mtu alikuwa anatwanga, na nilikuwa karibu kwenda kumwomba asubiri, nikajizuia. Anzelina alifumba macho. Alikaa kimya kwa urefu wa mstari mmoja, mdomo wake ukifuata maneno ya mtu mwingine, kisha akaitikia. Kimya tena. Akaitikia, kwa mbali kidogo. Kati ya mwitikio na mwitikio nilisikia mdundo wa kinu na pumzi yake, na mahali ambapo sauti ya chini ya baba mdogo ingekuwa palikuwa pa kipimo kile kile, bila kubabaika. Ule wa kumi na mbili ulitoka kama mtu aliyepita kilima. Sauti imezeeka lakini umbali upo.

Sasa nina rekodi mbili kwenye kompyuta yangu. Moja ni ya baba mdogo akiita na kujiitikia. Nyingine ni ya Anzelina akimwitikia mtu asiyesikika. Kwa ninachojua ningeweza kuondoa sauti ile nyembamba, nikaziunganisha, na mkamsikia kila mmoja mahali pake. Mara tatu nimekaa kuanza. Ile ambayo ningetoa dunia nzima ili niisikie ni ya tatu, ya barazani na kuku wakipita, ambamo anaita na kuinua kidevu na kungoja, na hiyo niliifuta kwa kidole changu.

Bado ninarekodi watu. Bado ninarudia kazi mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na aya ya kwanza ya kumbukumbu hizi nimeiandika mara tisa. Kilichobadilika ni kimoja. Mtu akinyamaza katikati ya wimbo, nasimamisha mashine, navua vifaa vya masikioni, na namuuliza anamngoja nani.